Mahojiano ya Uraia Yamekwisha, Kiapo Hakijaitwa

SWALI

Kwako mwandishi wa safu hii, pokea salamu zangu kutoka Buruburu. Mimi ni Mkenya wa kuzaliwa, na kwa miaka tisa nimeishi Houston, katika jimbo la Texas, nikifanya kazi ya uuguzi. Tarehe 4 Machi mwaka huu nilifanyiwa mahojiano ya uraia wa Marekani. Ofisa aliniuliza maswali ya historia na serikali, nikajibu sita ya kwanza bila kukosea, akasema yametosha. Kisha nikasoma sentensi moja na kuandika nyingine. Mwishoni alinipa karatasi yenye visanduku. Alikuwa ametia alama kwenye kile kinachosema nimefaulu Kiingereza na maswali, na akatia alama nyingine chini yake, kwamba uamuzi juu ya ombi langu hauwezi kutolewa kwa sasa. Hakunieleza sababu.

Tangu siku hiyo, kila nikifungua akaunti yangu ya intaneti nakuta maneno yale yale, kwamba mahojiano yamekamilika na faili inapitiwa. Tarehe 10 Mei nilikuja Nairobi kumuuguza mama, ambaye amepatwa na kiharusi, na sasa tuko Agosti. Wenzangu tuliohojiwa wiki moja wameshaapishwa. Binamu yangu amenipeleka kwa mtu mwenye ofisi katikati ya jiji, ambaye anataka shilingi 80,000 ili aisukume faili yangu kupitia ubalozi. Je, nimpe? Je, kukaa kwangu huku kunaniharibia? Na nikiapa, nitakuwa mgeni katika nchi yangu? Hilo la mwisho mama huniuliza kila jioni.

Muuguzi, Buruburu

JIBU

Dada yangu, pole kwa kuuguza, na Mungu amwinue mama. Naanza na suala la pesa kwa kuwa ndilo linaloweza kukuumiza wiki hii hii. Usimpe mtu huyo hata shilingi moja. Ombi lako liko mikononi mwa ofisi ya idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, inayohudumia mahali unapoishi, na ubalozi wa Gigiri hauna kauli juu ya ombi la uraia la mkaazi wa Houston. Anayekuambia kwamba ana mtu wake ndani anakuuzia upepo, na ukimwachia nakala za pasipoti na kadi yako ya ukaazi, ile tuliyozoea kuiita kadi ya kijani, umempa pia kitu cha kukutishia baadaye.

Sasa tuje kwenye kungoja kwenyewe. Barua yako inataja miezi na haitaji siku, na jambo hili zima linasimama juu ya siku. Kuna hesabu mbili zinazokwenda kwa pamoja, moja kwa faida yako na nyingine dhidi yako, na ningependa uziandike zote mbili kwenye kalenda iliyo karibu na kitanda cha mama.

Hesabu ya kwanza ni ya siku 120. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba, ikiwa idara haijatoa uamuzi ndani ya siku 120 tangu mwombaji alipohojiwa, mwombaji huyo anaweza kwenda katika mahakama ya shirikisho ya wilaya anakoishi na kuomba jaji alisikilize ombi lake. Wewe ulihojiwa tarehe 4 Machi, kwa hiyo siku zako 120 zilitimia tarehe 2 Julai. Haki hiyo unayo tangu mwezi uliopita, na nina hakika kwamba mtu wa shilingi 80,000 hakukutajia.

Pengine utaambiwa kwamba hesabu haijaanza kwa sababu shirika la upelelezi la FBI halijamaliza kuchunguza jina lako. Serikali ya Marekani imewahi kuitoa hoja hiyo mahakamani, ikidai kwamba mahojiano ni sehemu tu ya uchunguzi na kwamba uchunguzi haujakwisha mpaka majibu ya FBI yarudi. Mahakama chache ziliikubali. Kwa bahati nzuri, mahakama ya rufaa ya shirikisho ambayo jimbo la Texas liko chini yake iliikataa mwaka 2007 katika kesi ya Walji, ikaamua kwamba siku 120 huanza kuhesabiwa siku ya mahojiano hata kama uchunguzi wa jina haujakamilika. Idara ikimhoji mtu kabla haijawa tayari, gharama ya haraka hiyo haimwangukii mwombaji.

Hata hivyo, sikuambii ukimbilie mahakamani kesho. Jaji anaweza kuamua ombi lako mwenyewe, au kulirudisha kwa idara akiwa ameipa maagizo, na mara nyingi kesi hizi huishia pale ambapo idara, baada ya kushtakiwa, inaiamsha faili na kutoa uamuzi kabla jaji hajasikiliza lolote. Lakini kesi huleta jibu, na jibu linaweza kuwa hapana. Ikiwa kuna jambo katika maisha yako ambalo hukulitaja katika barua hii, kama vile kukamatwa na polisi hata kwa kosa dogo la barabarani lililohusu pombe, kodi ambayo hukuilipa, au ndoa iliyokupatia kadi ya kijani na ambayo maelezo yake hayalingani, basi kesi itailazimisha idara kulikodolea macho jambo hilo hilo. Kwa hiyo tafuta kwanza wakili wa uhamiaji mwenye leseni huko Marekani, naye aombe nakala ya faili yako na kuisoma. Ada ya kufungua kesi katika mahakama hizo ni dola 405, mbali na malipo ya wakili, na serikali hupewa siku 60 za kujibu tangu ipokee hati za kesi.

Kabla ya kufika huko, uliza. Wasilisha swali kupitia akaunti yako ya USCIS na uhifadhi namba ya swali hilo. Kisha uandikie ofisi ya mbunge wa Baraza la Wawakilishi wa eneo lako la Houston, au ya mmoja wa maseneta wa Texas. Kila ofisi ina mtu wa kufuatilia mambo ya wakaazi, nao watakutumia fomu ya kutia sahihi ili waruhusiwe kuulizia habari zako. Huhitaji kuwa raia wala mpiga kura ili usaidiwe. Mbunge hawezi kuiamuru idara, ila swali lake hujibiwa kwa maandishi, na wakati mwingine ndani ya jibu hilo ndimo mwombaji anapoona kwa mara ya kwanza kilichomkwamisha.

Na mara nyingi kilichokwamisha ni jina. Hapa naomba univumilie, maana ni jambo nililoliona kwa macho yangu. Shemeji yangu alingoja miezi kumi baada ya mahojiano yake. Alipokuja likizo tuliketi mezani South C, tukatandaza karatasi zake zote juu ya kitambaa: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti ya zamani iliyokatwa pembe, cheti cha kidato cha nne. Jina la babake lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu, Mohamed, Mohammed na Muhamad, na kwenye cheti cha shule majina mawili ya mwisho yalikuwa yamepishana nafasi. Kwetu sisi hakuna anayeshtuka, kwa kuwa kila karani huandika anavyosikia. Kwa mashine inayolinganisha majina, hao ni watu watatu, na kila mmoja anaweza kufanana na mtu mwingine anayetafutwa mahali fulani. Fomu ya N-400, ile ya kuombea uraia, ina nafasi ya kutaja majina mengine uliyowahi kutumia. Shemeji alikuwa ameiacha tupu kwa nia njema, akiamini kwamba hana jina lingine. Angalia yako uliijazaje. Ikiwa una tofauti za aina hiyo, mweleze wakili wako, naye apeleke maelezo pamoja na nakala za vyeti kabla idara haijaziomba. Uko Nairobi sasa, na vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa ni rahisi kuvifuatilia ukiwa hapa kuliko ukiwa Houston.

Hesabu ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi juu yako. Watu wengi hudhani kwamba, mahojiano yakishapita, masharti ya ukaazi yamekwisha. Hayajakwisha. Sheria inataka mwombaji aendelee kuwa mkaazi wa Marekani bila kukatika tangu siku anapowasilisha ombi hadi siku anapoapishwa. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita kwa safari moja, inachukuliwa kwamba umeukata ukaazi wako, na ni juu yako kuthibitisha vinginevyo kwa kuonyesha nyumba, kazi, kodi na familia uliyoiacha kule. Ukifikisha mwaka mzima nje, ukaazi huo umekatika, na unaweza kulazimika kuanza upya. Uliondoka Mei, na siku 180 kuanzia tarehe 10 Mei zinatimia tarehe 6 Novemba. Usiingoje siku hiyo. Panga uwe umetua Houston kabla ya Oktoba kwisha, na kama mama bado anakuhitaji, ni afadhali urudi, ukae, kisha uje tena. Najua nauli ni ghali na najua ni nani unayemwacha kitandani. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu sitaki kuuguza mzazi kukugharimu kazi ya miaka tisa.

Zaidi ya hayo, barua ya kukuita kuapa, fomu ya N-445, hutumwa kwa posta kwenye anwani yako ya Marekani. Mwachie mtu unayemwamini ufunguo wa sanduku la barua, na uifungue akaunti yako kila siku mbili tatu. Ukishindwa kufika siku ya kiapo, irudishe barua hiyo pamoja na maelezo ya sababu, uombe siku nyingine. Ukikosa zaidi ya mara moja bila sababu ya kuridhisha, utahesabiwa kuwa umelitelekeza ombi lako. Ukiitwa upya kupigwa alama za vidole, huko pia sharti uwe mwenyewe. Nyuma ya fomu hiyo ya N-445 kuna maswali kuhusu yaliyotokea tangu mahojiano, likiwemo la kama umesafiri nje. Jibu kwa ukweli, na tarehe zilingane na mihuri ya pasipoti yako. Na kabla hujaapa, usijiandikishe kupiga kura huko, wala usitie alama kwenye kisanduku kinachosema wewe ni raia unapofanya upya leseni ya kuendesha gari. Nimesikia watu waliofanya hivyo kwa kuchoka kungoja, wakajiona tayari ni raia, na alama hiyo moja ikawafungia mlango.

Sasa swali la mama. Mwambie jioni ya leo kwamba hutakuwa mgeni. Kifungu cha 16 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Kabla ya Katiba hiyo mambo yalikuwa tofauti, na ndiyo maana wazee wetu wana hofu hiyo. Waliona ndugu na rafiki zao wakirudi hapa kama wageni wa kuomba viza. Wajibu ulio nao ni kuiarifu serikali ya Kenya kwamba una uraia wa pili ndani ya miezi mitatu tangu uupate, kama inavyotakiwa na sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011. Usilipuuze hilo, kwa kuwa kutoarifu ni kosa lenye adhabu. Mpaka siku ya kiapo, safiri kwa pasipoti yako ya Kenya na kadi ya kijani.

SWALI

Mwanangu yuko jimbo la Georgia. Aliambiwa papo hapo kwamba amefaulu na amependekezwa kupewa uraia, lakini miezi minne imepita na hajaitwa kuapa. Anasema kwenye fomu aliomba jina lake libadilishwe, atumie la ukoo wetu. Je, ndiko alikokosea?

Mzee wa Kariobangi

JIBU

Hakukosea, mzee wangu, ila huenda ndicho kinachomchelewesha. Idara ya uhamiaji huapisha watu katika hafla zake yenyewe, lakini haina mamlaka ya kubadilisha jina la mtu. Mamlaka hayo ni ya mahakama, kwa hiyo aliyeomba jina jipya hungojea hafla inayosimamiwa na jaji, na katika maeneo mengine hafla za namna hiyo hazifanyiki mara kwa mara. Aulize ofisi yake kama yumo katika orodha ya mahakama. Akiona muda unazidi, anaweza kuandika kuliondoa ombi la jina, aapishwe katika hafla ya kawaida kwa jina alilo nalo, kisha alibadilishe baadaye katika mahakama ya jimbo lake kwa ada ya huko. Jina la ukoo ni jambo zito, na uamuzi wa kungoja au kutongoja ni wenu wawili. Mpigie simu mzungumze kabla hajaandika barua hiyo.