Jibu: Kwa nini mandhari yangu ya nukta inageuka kijivu?

Dada, umeuliza kwa nini picha yako ya minazi ya njia ya Matondoni, hapa Lamu, uliyoichora kwa nukta tupu, inawaka ukiwa karibu lakini ukirudi nyuma inakuwa kijivu.

Ni kwa sababu umeweka rangi pinzani nusu kwa nusu: nyekundu ndani ya kijani, machungwa ndani ya buluu. Chevreul, mkemia wa Ufaransa, alieleza mwaka 1839 jinsi rangi mbili zikikaa jirani zinavyochocheana, na Seurat, mchoraji aliyeanzisha mtindo huu wa nukta, akajengea hapo. Lakini hilo hutokea zikiwa mabaka yanayoonekana. Nukta zikiwa punje ndogo mno, jicho huzichanganya zikazimana.

Kwa hiyo majani ya minazi yajaze rangi za ukoo mmoja: kijani, manjano, buluu ya kijani. Nyekundu iwe chache, tena kwenye kivuli tu. Mchanga upe manjano hafifu na waridi, na chini ya miti zambarau kidogo. Acha turubai nyeupe ichungulie, usiibe nuru yako mwenyewe. Nukta nazo ziwe kubwa zaidi.

Rangi ya akriliki hukauka haraka kwa upepo wetu, basi subiri kidogo ikauke kabla ya kuweka nukta ya jirani. Kazi inachosha, najua. Hata mchoraji Pissarro, aliyechora mashamba ya kijiji cha Éragny, Ufaransa, hivi, aliacha baada ya miaka michache.

Na yule punda wa katikati, mimi ningemtoa. Anakula macho yote.