Chipu ya tumboni itamrudisha ng'ombe alieibiwa?

SUALI: Asalam alaykum dokta. Mie nipo Micheweni, Pemba, nafuga ng'ombe wa kamba. Juzi jirani yangu kaibiwa fahali usiku, asubuhi kakuta kichwa na utumbo tu kichakani. Sasa kuna kijana anapita anasema Kenya huko kwa Waturkana na Wapokot ng'ombe wanatiwa chipu tumboni, wakiibiwa wanafatwa kwa satelaiti, anataka na sie tununue. Ni kweli? Na kama kweli, mbona kila siku twasikia watu wanauana huko kwa sababu ya ng'ombe?

JIBU: Waalaykum salam kaka. Usinunue.

Chipu ya tumboni ipo, hapo hakudanganya. Tunaiita bolasi, ni kidonge kikubwa cha kauri, ng'ombe anamezeshwa kwa bomba maalum kinashuka kinakaa kwenye tumbo la pili, lile la vijumba vijumba, na kwa uzito wake hakitoki tena mpaka siku ya kuchinjwa. Botswana walizitumia miaka ya 2000 kwa ajili ya nyama wanayouza Ulaya, baadae wakahamia hereni za sikioni zenye namba. Lakini ndani yake hamna betri wala satelaiti! Mna namba tu, tarakimu 15, tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi (Kenya 404, sie Tanzania 834), na hiyo namba haisomeki mpaka usogeze skana ubavuni kwa ng'ombe, chini ya mita moja hivi. Ni sawa na namba ya gari, gari likiibiwa namba haikwambii liko wapi, itakufaa akiwepo mtu njiani wa kuisoma. Kufata ng'ombe kwa satelaiti kunataka kola ya shingoni yenye betri, na kola mwizi anaikata kwa kisu mara moja.

Sasa suala lako la pili. Kule wezi hawaji wawili na panga, wanakuja kundi zima na bunduki za kivita, wanaswaga mamia ya ng'ombe usiku kucha mpaka mabonde kama Suguta ambako barabara hakuna mtandao hakuna. Novemba 2012 polisi waliokuwa wakifatilia ng'ombe wa wizi karibu na Baragoi waliviziwa humo humo, wakafa zaidi ya 40. Skana ingewafaa nini? Februari 2023 Kenya ikaingiza mpaka jeshi kwenye kaunti za kaskazini ya bonde la ufa, kina Turkana, Baringo, Samburu huko. Bunduki zenyewe ni za siku nyingi, 1979 Idi Amin wa Uganda alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto, huko Karamoja karibu na mpaka wa Kenya, liliporwa, nyengine zikaja kutoka Sudan na Somalia. Na kuzikusanya sio kazi nyepesi, Uganda walianza kuwapokonya Wakaramojong 2001, waliosalimisha zao wakavamiwa na majirani ambao hawajapokonywa, basi nani atakubali kuwa wa mwanzo mara ya pili?

Mie naona shina liko kwengine. Kenya 1965 ilitoa waraka wa sera, ule namba 10, kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi yenye mvua na rutuba. Wafugaji wakaachwa bila barabara, skuli chache, polisi mbali, mtu akawa anajilinda mwenyewe. Na siku hizi ng'ombe haibiwi kwa ajili ya mahari tu, kuna wenye pesa wanaopakia ng'ombe wa wizi kwenye malori wakauze mjini. Hapo tu ndo chipu ingesaidia kidogo, mnadani na machinjioni, kama hauzwi wala hachinjwi ng'ombe asiesomwa.

Turudi kwako. Bara wana sheria ya utambuzi wa mifugo ya 2010 na hereni zao, lakini mifugo si jambo la Muungano, hiyo si yetu. Na huyo mwizi wenu kachinja palepale kaacha utumbo, yaani jirani yako angeipata bolasi yake salama salmini na fahali hayupo. Hata chapa ya moto isingemfaa, ngozi yenyewe si haipo?

Wewe mpige picha kila ng'ombe pande zote mbili, mabaka na pembe zionekane, nakala mpe sheha. Usiku wasogeze nyumbani, badala ya kamba tia mnyororo na kufuli, ila pale shingoni zungushia kitambaa asichubuke, kidonda cha shingo kikiingia funza utanipigia tena. Akiibiwa, usianze kuzunguka vichakani. Mpigie sheha, polisi na mkaguzi wa nyama alfajiri hiyohiyo waende buchani watazame nyama isiyo muhuri, maana ikishakatwa vipande ikauzwa huna tena cha kumuonesha hakimu.