Barua kwa mwanangu: rudi kitandani

Mwanangu Tumaini,

Unauliza utajifunzaje kutambua ugonjwa haraka kwenye chumba cha dharura, wagonjwa wakiingia watano kwa mpigo. Haraka itakuja yenyewe. Mimi nitakuambia habari ya kurudi kitandani, neno lile lile nililowaimbia wanafunzi wauguzi mpaka wakalikariri: ukishampa mgonjwa dawa, rudi umwone.

Yule bibi unamkumbuka. Asubuhi ile nilirudi nyumbani kwetu Area C, chai ya baba yako ikapoa mezani. Hukuwahi kusikia yote.

Aliletwa kwa bajaji, mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Kila mtu akasema kiharusi, na sukari ya damu ikapimwa baada ya karibu nusu saa: milimoli 1.6 kwa lita, chini mno. Sukari ikishuka humpoozesha mtu upande mmoja, humtia degedege, humfanya aonekane mlevi. Kwa hiyo mkague kwa mpangilio: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kisha fahamu. Na ukifika kwenye fahamu, sukari imo humo humo. Osha kidole kwanza. Ndugu wakiwa wamempaka soda au asali njiani, kipimo kitasoma juu kwa uongo. Wala usikubali wammiminie mdomoni mtu asiye na fahamu, itaingia kwenye mapafu.

Mtu mzima anahitaji gramu 25 za glukosi. Hiyo ni mililita 50 za maji ya glukosi ya asilimia 50, ila ni nzito, na ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Mimi napenda asilimia 10, mililita 250. Kama haipo, toa mililita 50 kwenye chupa ya 500 ya asilimia 5, ingiza mililita 50 za asilimia 50, tikisa, utapata karibu asilimia 10. Mpe nusu ya chupa. Pima tena baada ya dakika 15.

Bibi alipata yake. Haikupita muda mrefu mdomo ukanyooka, akauliza kwa Kigogo mjukuu wake yuko wapi. Tulifurahi mno, mwanangu. Sukari ikasoma 8, akaruhusiwa.

Usiku wa manane akarudishwa, hana fahamu, na hakuamka tena.

Kwenye pindo la kanga yake kulikuwa na vidonge vya glibenklamaidi, dawa ya kisukari ya kushusha sukari. Alikuwa ametapika siku mbili, uji haukai tumboni, lakini kidonge anameza kila asubuhi kama alivyoagizwa. Dawa ile hulazimisha kongosho kutoa insulini kwa siku nzima, na figo zikiwa zimechoka hukaa mwilini zaidi. Glukosi ya mshipani huisha mapema. Tena yenyewe huichokoza kongosho itoe insulini nyingine, sukari ishuke upya. Mgonjwa wa namna hiyo halali nyumbani: dripu ya asilimia 10 iendelee polepole, ale mara anapoweza kumeza, sukari ipimwe kila saa mwanzoni, akae chini ya uangalizi saa 24 au zaidi. Na mnapokabidhiana zamu, liandike jina la kidonge, usiishie "sukari ilishuka, imepanda".

Utambuzi ulikuwa sahihi, unaona? Kilichokosekana ni swali moja: kwa nini ilishuka?

Nasema angelazwa. Halafu najijibu kwamba vitanda vilijaa, ndugu walitaka kuondoka kabla ya giza, na hakuna aliyejua habari ya pindo la kanga. Halafu najijibu tena: benchi la korido na kipimo cha sukari vingetosha, na kuuliza anatumia dawa gani hakuhitaji kitanda.

Aliyemruhusu alikuwa kijana wa umri wako wa sasa. Kama alikosea yeye, au mimi niliyetoa ile kanula, mrija wa mshipani, bila kuuliza, jibu ninalo, na linanikaba kooni kila nikikusikia unatoka zamu ya usiku. Sitaliandika hapa. Niandikie wewe kwanza ungemwuliza nini bibi yule kabla hajapanda tena bajaji.

Mama yako