Mkaratusi ukichanua, kaa nao

Jamani kama mtaani kwenu kuna mkaratusi mkubwa, usisubiri mpaka upate hela ya boti ya kwenda hifadhi ya kisiwa cha Saanane ndo uone viumbe. Mimi nakaa Bwiru, Mwanza, nyuma ya nyumba kuna mmoja umeota katikati ya mawe, na ukishachanua tu ratiba yangu yote inabadilika.

Amka mapema, saa 12 na nusu hivi uwe umeshafika, maana ndo muda ndege wa chozi wanagombania maua na yule dume wa kifua chekundu anafukuza wenzake tawi hadi tawi, hapumziki. Jua liwe mgongoni kwako, la sivyo utaona vivuli tu.

Halafu watu wengi wanasahau kuangalia chini. Utakuta vikofia vidogo vigumu vimezagaa kwenye mawe, hivyo ni vifuniko vya maua, kwa sababu ua la mkaratusi halina petali za kuonekana, ule unyoya mweupe wote ni stameni, yaani nyuzi za kiume za ua, zinakua humo ndani mpaka kifuniko kinabanduka kinadondoka. Hata jina la kitaalamu Eucalyptus, lililotolewa mwaka 1788, linatokana na Kigiriki, maana yake ni kilichofunikwa vizuri. Okota kimoja ukichunguze. Na hapo hapo kaa kimya dakika kumi, mijusi ya mawe itatoka, dume kichwa chekundu mwili wa bluu, inavizia wadudu.

Nyuki sasa, hapo naomba unisikilize kabisa. Mwaka jana nilijipulizia pafyumu, nimevaa fulana nyeusi, nikaenda kusogeza tawi la chini nipige picha. Waliniuma shingo yote, nikakimbilia ndani kwa bibi jirani, akafunga mlango akaanza kunikwangua miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, huku ananiambia, "Mjukuu wangu, nyuki hataki manukato wala nguo nyeusi." Kwa hiyo vaa rangi nyepesi, usiguse matawi, na wakianza kukuandama wewe kimbia, usisimame kupunga mikono. Na upepo wa ziwani ukianza kuvuma, ondoka chini ya mti, maana matawi ya mkaratusi yanakatika ghafla.

Usiku rudi tena, kuanzia saa 1 na nusu. Zima tochi ya simu, subiri macho yazoee. Popo wakubwa wanakuja, unasikia kwanza mabawa halafu matawi yanatikisika na vikofia vinakudondokea mabegani.