Msumeno wa mnyororo unakata ukipinda na baa inatoa moshi

Kaka, umesema vijana wako wananoa kila asubuhi lakini misumeno bado inakata ikipinda, na baa, lile bamba refu ambalo mnyororo huzunguka juu yake, inafuka moshi. Hizo ni shida mbili.

Kupinda: anayenoa kwa mkono wa kulia husukuma tupa kwa nguvu upande mmoja, meno ya upande wa pili yanabaki marefu, na msumeno unavutwa huko. Tafuta jino fupi kuliko yote, shusha mengine yafikie urefu huo, ukinoa kwa pembe ya digrii 30 kila upande. Mnyororo wa inchi 3/8 ya kawaida hutumia tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kutegemea kampuni iliyoutengeneza, wa inchi .325, milimita 4.8. Halafu shusha vile vidole vya mbele ya meno, viwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Ukizidisha, msumeno utaruka mkononi. Bado unapinda? Simamisha guniya, kile kipimo cha pembe mraba cha fundi, kando ya baa. Ikiwa kingo hazilingani, ni baa, si meno. Igeuzeni baa juu chini kila mkinoa.

Moshi: oili haifiki, au mnyororo ni butu. Elekeza ncha kwenye kadibodi safi, ongeza kasi ya injini. Usipoona mstari wa oili, zibua tundu la baa. Oili chafu ya gereji ndiyo huziba pampu, achaneni nayo.

Na miti ya kando ya barabara hapa Nairobi, kagueni misumari ya mabango kwanza. Mmoja tu unamaliza mnyororo.