New York na London: nani mkali, nani mpole?

Uliyosikia, kwamba watu wa New York ni wakali na wa London ni wapole, yachukue nusu tu. Mtu wa New York ana haraka, hana chuki. Ukiuliza njia, acha salamu ndefu. Taja kituo unachokwenda, naye atakujibu huku anatembea, pengine bila kusubiri asante. London adabu ni kutomsumbua mwenzako: ndani ya treni watu hunyamaza, na "samahani" hutangulia swali. Ukimya huo si dharau.

Kinachowakera wote ni mgeni kuziba njia. London, kwenye ngazi za umeme simama kulia. Kushoto ni kwa wanaotembea. Kwenye treni za chini ya ardhi gusisha kadi ya malipo kwenye mashine ya mlangoni unapoingia na unapotoka, ukisahau kugusisha unapotoka utatozwa nauli ya juu. Kwenye basi ni unapopanda tu. New York unagusisha unapoingia tu, lakini treni za haraka huruka vituo, na milango mingine ya kituo inaelekea upande mmoja, Uptown (kaskazini) au Downtown (kusini). Wageni wengi hupotelea hapo.

Kesi kubwa ni bakshishi. Mgahawani New York acha 18 hadi 20%, maana mhudumu anaitegemea; ukiacha sarafu mbili ukanuniwa, usiulaumu mji. London soma bili kwanza, mara nyingi 12.5% imeshaongezwa. Huko London ukiagiza kinywaji kaunta, hakuna anayetarajia kitu.