Mguu Unauma, Nikimbie au Nipumzike?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mama wa miaka 38, naishi Tabata, kazi yangu ni ya ofisini, nakaa tangu asubuhi hadi jioni. Siku ile mkimbiaji wetu Simbu anachukua dhahabu ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, nililia mbele ya TV, nikasema na mimi naanza kukimbia. Nikatafuta raba, Jumamosi nikaungana na kikundi cha jogingi cha mtaani, wakapiga kilomita 6 na mimi nikakomaa nao mpaka mwisho. Jumapili niko vizuri tu, Jumatatu sasa, kushuka kwenye daladala mpaka konda anishike mkono, na choo chetu ni cha kuchuchumaa, kuinuka nilikuwa naegemea ukuta. Nikapumzika wiki nzima nikarudi. Mapaja saa hizi yana nafuu ila muundi wa mguu wa kulia, upande wa ndani, unauma kila nikianza kukimbia. Wenzangu wanasema ni tindikali imejaa kwenye misuli, nikomae itatoka yenyewe. Nikomae kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kuanza. Hapana, usikomae, na nitakueleza kwa nini, maana hapo umenitajia maumivu ya aina mbili na majibu yake hayafanani kabisa.

Yale ya Jumatatu, ya mapaja na vigimbi, hayo ni ya kawaida na wala yasikutishe. Msuli ambao haujazoea, ukilazimishwa kujikaza huku unavutwa, kama pale unapokanyaga chini na goti linajikunja kupokea uzito wako, nyuzi zake ndogo ndogo zinachubuka kidogo, mwili unaanza kuzitengeneza na humo kwenye kutengeneza ndo kuna maumivu na kukamaa. Yanaanza taratibu kesho yake, unaweza hata usiyasikie, yanapanda zaidi siku ya pili, afu ya tatu ya nne yanashuka. Ndo maana Jumapili ulijiona mzima. Habari ya tindikali naisikia kila kikundi ninachopita lakini sio kweli, ile inayozalishwa ukiwa unakimbia mwili unaiondoa ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo mpaka Jumatatu ilishaondoka zamani. Na la kufurahisha ni kwamba msuli unajifunza haraka, mbio zile zile ukirudia baada ya wiki mbili hazikuumizi vile tena. Wewe mwenyewe umeshaona mapaja yametulia.

Hayo ya pande zote mbili, yaliyosambaa kwenye nyama, ambayo ukianza kutembea yanalegea, tembea nayo tu. Zunguka mtaani dakika 20, oga maji ya vuguvugu ukipenda, mtu akuchue taratibu bila kukufinya, kula ushibe, maharage, dagaa, mayai, ulale mapema. Kunyoosha viungo ukijisikia vizuri nyoosha, ila hakuzuii maumivu ya kesho yake, watu wanalipa zoezi hilo sifa ambazo sio zake.

Sasa huo muundi. Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu mimi mwenyewe uliniumiza mwaka wangu wa kwanza, nilikuwa nimejiandikisha mbio za kilomita 10, nikakimbia na maumivu wiki tatu nikijiambia nisionekane mlegevu, mwisho wa siku mbio zenyewe sikukimbia na nikakaa nje miezi miwili. Tatizo ni kwamba pumzi inajengeka haraka, ndani ya wiki chache tu unaona unaweza kwenda mbali, msuli nao unafuata, lakini mfupa na kano zinakuja nyuma taratibu mno. Mfupa ukipewa kazi mpya kwanza unakwanguliwa sehemu ya zamani ndo unajengwa upya ukiwa imara zaidi, na katikati hapo kuna wiki ambazo unakuwa dhaifu kuliko ulivyoanza. Sasa mtu kutoka kukaa kwenye kiti mpaka kilomita 6 kwa siku moja, mfupa hauwezi kwenda na hiyo kasi.

Jipime hivi leo jioni. Kaa kitandani, pitisha kidole gumba ukibonyeza kwenye ukingo wa ndani wa muundi, kutoka juu ya kifundo kwenda juu. Kama panauma sehemu ndefu, upana wa vidole vitatu vinne na zaidi, huo ni uchovu wa pale misuli inaposhikana na mfupa, unapona ukipunguza mbio. Ila kama unapata kijisehemu kimoja kidogo ambacho ukikigusa unaruka, au panauma hata umelala usiku, au ukijaribu kuruka kwa mguu huo mmoja huwezi, acha kukimbia siku hiyo hiyo na uende hospitali, inawezekana mfupa umeanza kupata ufa. Na mweleze daktari wazi kwamba umeanza kukimbia juzi juzi, kwa sababu ufa wa namna hiyo eksirei ya mwanzoni mara nyingi haiuonyeshi, unaweza kuambiwa uko sawa na kumbe bado.

Ikiwa ni ile ya sehemu ndefu, kaa wiki mbili bila kukimbia, tembea kwa mwendo wa haraka badala yake mradi pasiume. Weka barafu imefungwa kwenye kitambaa, dakika 15. Halafu anza upya kama vile hujawahi kukimbia. Tembea dakika 5, kimbia dakika 1, tembea dakika 1 na nusu, rudia mara 8, basi, rudi nyumbani. Mara tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Hatua ziwe fupi fupi, mguu utue chini yako na sio mbele huko, na kasi iwe ile ambayo unaweza kumhadithia mwenzio jambo bila kukata maneno. Hii ndo ngumu kwa watu, wanaona aibu kwenda polepole, wakati pale Iten, Kenya, wakimbiaji wenye medali zao siku za mazoezi mepesi wanatoka asubuhi kwa mwendo ambao hata mimi na wewe tungewafuata mwanzoni. Na huyo Simbu aliyekuliza, alipata shaba London 2017, dhahabu ikaja 2025. Ni miaka 8 hiyo. Wewe kikundi kikisema kilomita 6, waambie nitaishia mbili, na wanaokupenda watakuelewa.

Siku ambazo hukimbii simama kwenye ngazi kwa vidole, panda juu shuka taratibu, mara 12, pumzika, rudia mara tatu. Vigimbi vikiwa na nguvu muundi unapata nafuu kubwa.

SWALI: Habari dada, niko Mwanza. Nikiamka asubuhi nikikanyaga sakafu kisigino kinachoma kama msumari, nikishatembea kidogo kinaachia. Raba zangu ni za mtumba.

JIBU: Nzuri kaka. Hiyo ni ile kano pana ya chini ya wayo, usiku inajikunja, asubuhi unaivuta ghafla. Kabla hujashuka kitandani vuta vidole vya mguu kuja kwako kwa mkono, hesabu mpaka 30, mara tatu. Usitembee peku kwenye sementi, vaa ndala zenye soli nene hata ndani. Jaza chupa ya plastiki maji, igandishe, iviringishe chini ya wayo jioni. Raba za mtumba sina ugomvi nazo, wengi wetu ndo tumeanzia huko, ila ziweke mezani uziangalie kwa nyuma, zikilalia upande mmoja au sponji ukiibonyeza haina uhai, ziache. Kupona kwake kunachukua miezi, sikufichi.

SWALI: Mambo dada. Kabla ya mbio huwa nameza diklofenaki ili nisisikie maumivu. Kuna ubaya?

JIBU: Upo tena mkubwa, acha. Dawa hiyo inakuzimia taarifa ambayo mguu unakupa, unaendelea kuumia bila kujua, na ukiwa unatoka jasho jingi kwenye jua maji mwilini yanapungua, figo zinapata shida na tumbo pia, hasa kama una vidonda. Siku ambayo huwezi kukimbia bila kidonge, hiyo sio siku ya kukimbia. Na wasomaji wote naomba mlishike hili, baada ya mazoezi makali ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi na misuli imevimba inauma kupita kawaida, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo.